Shajara ya mradi: kufunga naitrasi kwenye Mark II ya 1JZ-GE hapa Tabora

14 Julai 2024: Gari, lengo na mipaka

Gari ni Toyota Mark II ya mwili wa JZX100 yenye injini ya 1JZ-GE ya VVT-i, yaani silinda sita za mstari mmoja, ujazo wa sentimita za ujazo 2,491, mbano wa 10.5 kwa 1 na nguvu farasi 200 kwa hesabu ya kiwandani. Giaboksi ni ya otomatiki, gia nne. Hesabu hiyo ya kiwandani haipatikani Tabora, kwa kuwa mji huu uko mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kiasi kwamba injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 12 ya nguvu zake hata kabla jua la mchana halijachukua fungu lake. Ninachotafuta ni kurudisha kilichopotea na kuongeza kidogo juu yake, kwenye gari ambalo bado linakwenda sokoni na kazini kila siku.

Naitrasi, N2O, si mafuta na haiwaki yenyewe. Kazi yake ni kubeba oksijeni. Kwa uzito, asilimia 36 ya gesi hii ni oksijeni, ilhali hewa ya kawaida ina asilimia 23 hivi, na oksijeni hiyo huachiwa molekuli zinapovunjika kwa joto la ndani ya silinda. Mahali penye oksijeni zaidi panahitaji petroli zaidi, na ikiwa petroli haikufika kwa kipimo chake, moto huwa mkali kupita kiasi, injini huanza kugonga, yaani mchanganyiko hulipuka wenyewe kwa vishindo ndani ya silinda, na pistoni za kawaida hazivumilii hali hiyo kwa sekunde nyingi. Kwa sababu hiyo msomaji atakuta hapa habari nyingi za petroli, za joto la chupa na za vifaa vya kuzima, kuliko habari za gesi yenyewe.

Mipaka niliyojiwekea ni hii: nitaanza na jeti (vitundu vinavyopima gesi na petroli) za nguvu farasi 35, nitaishia kwenye 50, na injini haitafunguliwa. Majaribio yote yatafanyika kwenye kipande cha lami kilicho ndani ya uwanja wa maghala ya mtu binafsi aliyeniruhusu kwa maandishi, kukiwa na mtungi wa kuzimia moto. Barabarani vali ya chupa itabaki imefungwa.

21 Julai 2024: Injini kabla ya chochote

Kompresheni, yaani shinikizo la mbano ndani ya silinda, imepimwa injini ikiwa ya moto, plagi zote zikiwa nje na mafuta yamekanyagwa hadi mwisho. Silinda zimesoma kati ya 158 na 166 kwa psi. Anayelinganisha na vitabu akumbuke kwamba namba za vitabu ni za usawa wa bahari, na huku juu zitasoma chini kidogo. La kuangalia ni tofauti kati ya silinda na silinda, ambayo isizidi asilimia 10. Hakuna uvujaji wa maji wala moshi wa oili. Kama tofauti ingekuwa kubwa, mradi ungeishia hapa.

4 Agosti 2024: Chupa

Nimenunua seti iliyotumika kutoka Dar es Salaam kwa shilingi 1,850,000: chupa ya alumini ya kilo 4.5, solenoidi mbili (vali zinazofunguliwa kwa umeme), nozeli moja ya kuchanganya, jeti za aina kadhaa na mipira iliyofumwa kwa waya. Ni mfumo wa majimaji, yaani gesi na petroli yake ya ziada hutoka pamoja kwenye nozeli moja. Mfumo mkavu, unaotegemea injekta za gari kuongeza petroli, niliuacha kwa sababu sioni namna ya kuuamini bila kuandika upya programu ya kompyuta ya gari.

Anayenunua iliyotumika asome mihuri iliyogongwa kwenye bega la chupa. Chupa za namna hii zilizotengenezwa kwa kanuni za Marekani hupimwa upya kwa shinikizo la maji kila baada ya miaka mitano, na muhuri wa mwisho wa hii ulikuwa wa mwaka 2018. Muuzaji alisema chupa ni nzima na kwamba hakuna anayeuliza. Hata hivyo ilikwenda kupimwa ikiwa tupu, ikafungwa kisahani kipya cha usalama, kinachopasuka shinikizo likizidi, kwenye vali, na kazi hiyo pamoja na usafiri ilifika shilingi 210,000. Gesi yenyewe ni 340,000.

Nimeshauriwa zaidi ya mara moja, na watu wenye nia njema kabisa, kwamba gesi hiyohiyo ipo hospitalini na inaweza kupatikana. Ile ni ya wagonjwa wanaopasuliwa. Gesi inayouzwa Marekani kwa ajili ya magari hutiwa kiasi kidogo cha dioksidi ya salfa ili asitokee mtu wa kuivuta, na iwe imetiwa au haikutiwa, kazi zote za kuitoa na kuijaza hufanyika nje penye upepo, kwa kuwa ndani ya chumba hufukuza hewa bila mtu kutambua.

18 Agosti 2024: Petroli haikutosha

Hapa ndipo mradi ulipokwama kwa mara ya kwanza, na naona ndipo wengi wanapoharibu injini, kwa kuwa gari linatembea vizuri kabisa kila siku na hakuna dalili yoyote ya upungufu.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Nguvu farasi 50 za ziada zinahitaji takriban gramu 3.5 za petroli kwa sekunde, na kwa sekunde 30 hiyo ni karibu mililita 140. Upande wa gesi, kipimo kinachotumika na mafundi wa kazi hii ni kama gramu 230 kwa kila sekunde 10. Uwiano unaopatikana ni kama 6.6 kwa 1, ilhali uwiano kamili wa kemia, wa kuchoma petroli yote na oksijeni yote, uko karibu na 9.6 kwa 1. Tofauti hiyo ya makusudi ndiyo akiba inayolinda pistoni, na haifai kuila.

Mimi na fundi wangu tulifungua mpira wa petroli upande wa nozeli, tukaweka jeti ya 50 mwishoni, tukauelekeza kwenye chupa ya plastiki iliyopigwa alama za mililita, kisha tukawasha pampu moja kwa moja kutoka kwenye betri na kufungua solenoidi ya petroli kwa sekunde 30, tukiwa uani, mbali na cheche yoyote. Zilipatikana mililita 95. Geji iliyokuwa ikisoma baa 3.0 ilishuka hadi 2.4 mara tu solenoidi ilipofunguka. Fundi, ambaye ni mtu mzima na hapotezi maneno, aliitazama ile chupa ya plastiki akasema, "Kijana, injini yako ina njaa, nawe unataka kuialikia mgeni."

Filta ilikuwa nyeusi, lakini kubadilisha filta peke yake kulitupandisha hadi 112 tu. Pampu ilipotolewa tenkini, kichujio chake cha chini kilikuwa kimefunikwa na tope laini la rangi ya vumbi la hapa, lililoshikana kiasi cha kuweza kubanduliwa kwa kucha. Tenki limesafishwa, kichujio, filta na pampu vimewekwa vipya kwa shilingi 285,000, na kipimo kilichofuata kilitoa mililita 138 huku geji ikisimama 2.9. Anayeiga mradi huu asifunge chupa kabla ya kupata namba ya aina hii kwa macho yake.

1 Septemba 2024: Solenoidi iliyokataa kufunga

Kabla ya kufunga chochote kwenye injini, solenoidi zote mbili ziliwekwa mezani na kujaribiwa nje. Ile ya gesi ilifunguka vizuri, lakini umeme ulipokatwa iliendelea kulia kwa sauti nyembamba, na ukungu mweupe ukaendelea kutoka kwenye tundu. Tulifunga vali ya chupa kwa mkono. Kama hali hiyo ingetokea kwenye injini iliyozimwa, gesi ingejaa kwenye manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwa silinda) na kumsubiri mtu anayekuja kuwasha gari asubuhi.

Ilipofunguliwa, kwenye kiti cha vali kulikuwa na kipande cha tepu nyeupe ya mabomba, chembamba kama uzi wa kushonea. Aliyefunga seti hii mwanzoni alizungushia tepu hiyo kwenye kila uzi wa nati. Viungo vya koni hujibana vyenyewe, chuma kwa chuma, na havihitaji kitu. Uzi wa bomba hupakwa kiasi kidogo cha kiziba uvujaji cha aina ya uji, tena kuanzia uzi wa pili ili kisiingie ndani. Grisi na oili ni mwiko kabisa kwenye upande wa gesi, kwa kuwa mafuta na kioksidishaji chenye shinikizo kubwa ni vitu viwili visivyokutanishwa.

Viungo vyote vimefunguliwa na kusafishwa, kiti cha vali na mpira wake vimebadilishwa, na filta ndogo ya wavu wa chuma imewekwa kabla ya solenoidi. Gharama ni 55,000. Ilijaribiwa tena na tena, ikafunga kila mara. Gesi iliyopotea katika zoezi hili ni kiasi cha kuuma.

15 Septemba 2024: Umeme na mlolongo wa kuzima

Solenoidi zinavuta umeme mwingi kuliko swichi za dashibodi zinavyoweza kubeba, kwa hiyo zinapitia relei yenye fyuzi ya ampea 30 iliyo karibu na betri. Waya unaoamrisha relei unapita kwenye vituo vifuatavyo, na kimoja kikikataa, vyote vinakatika: swichi kuu yenye kifuniko, swichi ndogo kwenye throto (mlango wa hewa ya injini) inayofunga pale tu mafuta yanapokanyagwa hadi mwisho, swichi ya shinikizo la petroli, inayokata likishuka chini ya baa 2.5, na swichi ya mizunguko ya injini kwa dakika, inayoruhusu kuanzia 3,200 na kukata kwenye 5,800.

Kikomo hicho cha juu hakikuwekwa kwa woga. Kompyuta ya gari inapofikia mwisho wa mizunguko hukata petroli ya injekta, na gesi ikiendelea kuingia wakati huohuo, mchanganyiko unakuwa mkavu, yaani wenye petroli pungufu, ghafla. Ni lazima gesi ikatike kwanza.

Vifaa vya umeme vimegharimu 320,000.

22 Septemba 2024: Mlipuko kwenye manifoldi

Jaribio la kwanza, jeti za 35. Gari liliondoka polepole, mafuta yakakanyagwa hadi mwisho, na kabla mshale haujafika hata 2,500 ulisikika mlio mzito chini ya boneti. Mpira mkubwa wa hewa ulipasuka kwa urefu wake na kifuniko cha boksi la filta kilitoka kwenye vibanio. Hakukuwa na moto. Manifoldi ilikaguliwa kwa kamera ndogo ya kuchungulia na ikakutwa salama.

Sababu ilipatikana kwenye swichi ya mizunguko. Ilikuja ikiwa imepangwa kwa injini ya silinda nne, na kwenye maelezo ya muuzaji hilo halikuandikwa. Injini ya silinda nne hutoa mapigo mawili ya moto kwa kila mzunguko, ya silinda sita hutoa matatu, hivyo swichi ilikuwa ikisoma mara moja na nusu ya mizunguko halisi: injini ikiwa kwenye 2,150, yenyewe iliona 3,200 na kufungua njia. Kwa mizunguko hiyo hewa inakwenda taratibu, na petroli iliyotoka kwenye nozeli ilitua kwenye kuta za manifoldi iliyoundwa kupitisha hewa kavu, ikakusanyika, kisha ikashika moto kupitia vali ya kuingizia.

Swichi imepangwa upya kwa silinda sita. Ili kutoitegemea karatasi tena, tumefunga taa ndogo mahali pa solenoidi na kuendesha gari vali ya chupa ikiwa imefungwa, tukitazama taa inawaka mshale ukiwa wapi. Inawaka 3,200 na kuzimika 5,800, na giaboksi ikibadili gia inazimika kama inavyotakiwa. Pia nozeli, iliyokuwa kabla ya kona ya mpira wa hewa, imesogezwa hadi sentimita 12 kutoka kwenye throto, ili petroli isipige ukuta wa kona. Mpira na boksi la filta vya mtumba: 75,000. Zoezi la taa linachukua nusu saa na halina gharama, na ningependa kila anayefunga mfumo huu alianze kabla ya gesi.

6 Oktoba 2024: Joto la chupa

Maelezo mengi ya seti hizi yameandikwa kwa ajili ya watu wa nchi za baridi, na huwashauri kununua blanketi la umeme la kupashia chupa moto. Kwa Oktoba ya Tabora shida ni kinyume chake kabisa. Jeti zimepangiwa shinikizo la baa 62 hadi 69. Asubuhi, chupa ikiwa na nyuzi 23 hivi, geji inasoma 54. Saa nane mchana kivulini inasoma 69. Gari likiachwa juani buti likiwa limefungwa, ilipita 85.

Kuna mpaka wa kisayansi katikati ya namba hizo. Kwenye nyuzi 36.4, naitrasi hufika mahali ambapo haiwezi tena kuwa kimiminika, hata ikibanwa kiasi gani. Kuanzia hapo kilicho ndani ya chupa si kile ambacho jeti zilipimiwa, na shinikizo hupanda kwa kasi kutegemea chupa imejazwa kiasi gani. Hata chini ya mpaka huo, shinikizo la gesi likipanda wakati la petroli limesimama palepale, uwiano unaelekea kwenye ukavu. Chupa ya baridi hupunguza nguvu tu. Chupa ya moto hula pistoni.

Suluhisho lililofanya kazi ni la bei ya gunia. Chupa imevishwa gunia la katani lililoloweshwa, vioo vya nyuma vikaachwa wazi na mlango wa buti ukainuliwa kidogo. Hewa ya mwezi huu ni kavu, maji yanakauka haraka na kuondoka na joto. Geji ilishuka kutoka 69 hadi 60 kabla chai haijapoa vizuri, maana tulikuwa tumekaa chini ya mwembe tukiisubiri. Kanuni ya mradi sasa ni kwamba swichi kuu haiguswi geji ikiwa juu ya 65. Geji ni ya umeme, ili mpira wenye gesi usiingie sehemu ya abiria. Pamoja na kipima mchanganyiko wa hewa kwa petroli cha waidibendi imegharimu 480,000.

Chupa imelala juu ya kishikio cha chuma cha kuchomelea, vali ikielekea mbele ya gari na kuinuliwa nyuzi 15 hivi, lebo ikiwa juu, kwa sababu bomba la ndani linafyonza kutoka chini upande wa nyuma, ambako kimiminika hukimbilia gari linapoondoka. Kisahani cha usalama kimeunganishwa na bomba linalotokea nje chini ya sakafu.

20 Oktoba 2024: 35, kisha 50

Kwa jeti za 35 na taimingi (wakati wa cheche) iliyorudishwa nyuma nyuzi 2, mchanganyiko ulisoma kati ya 11.3 na 11.8 bila kugonga kokote kulikosikika. Injini hii haina distribyuta ya kuzungusha kwa mkono, hivyo taimingi inarudishwa na kompyuta ndogo ya nyongeza iliyogharimu 650,000. Inauma, lakini sijaona njia nyingine ya kuaminika. Kutoka kilomita 60 hadi 100 kwa saa, muda ulishuka kutoka sekunde 5.1 hadi 4.4, kwa kupima kwenye video ya dashibodi.

Kwa jeti za 50 muda ulishuka hadi 4.1 na mchanganyiko ukasoma 11.6, jambo lililotufurahisha mpaka plagi zilipotolewa. Tulizima injini palepale baada ya kukanyaga, bila kuiacha inguruma, ili plagi zionyeshe hali ya wakati ule. Tano zilikuwa safi. Ya silinda ya sita ilikuwa na vidoa vidogo vyeusi kwenye kaure, kama pilipili manga iliyosagwa, na viwili vitatu viking'aa juani. Vidoa hivyo ni alama ya kugonga kulikoanza bila kusikika. Waidibendi haikuweza kuonyesha hilo, kwa kuwa inasoma wastani wa silinda zote, na nozeli moja haigawi petroli sawasawa hadi mwisho wa manifoldi.

Plagi za NGK za joto namba 6 zimetolewa na kuwekwa namba 7, ambazo ni baridi zaidi, mwanya ukapunguzwa kutoka milimita 1.1 hadi 0.8, na taimingi ikarudishwa hadi nyuzi 4. Plagi sita ni 96,000. Jaribio lililofuata lilitoa sekunde 4.2, na kaure zote zikatoka safi, ya sita ikiwemo. Sehemu hiyo moja ya kumi ya sekunde nimeitoa bila kuijutia. Wanaouliza kuhusu jeti za 75 nimewajibu kwamba kwa nozeli moja silinda ya sita imeshatoa jibu.

10 Novemba 2024: Mvua zimeanza

Hewa imekuwa na unyevu na gunia halipozi kama Oktoba, ingawa mawingu nayo yamepunguza joto. Chupa imetolewa garini na kulazwa stoo yenye kivuli na upepo, ikiwa na kilo 1.4 kwa mizani. Kompresheni imepimwa tena: 157 hadi 166. Bima imearifiwa kwa barua kuhusu mabadiliko ya gari.

Pamoja na ufundi wa 400,000, matumizi yote hadi leo ni shilingi 4,761,000, na karibu nusu ya fedha zilizotumika baada ya kununua seti zimekwenda kwenye vipimo, vifaa vya kuzima na petroli. Kitakachofuata ni kisahani cha chuma chenye nozeli ndogo kwa kila silinda, ambacho fundi mchongaji ameshachukua vipimo vyake kwenye manifoldi. Maandishi mengine yataongezwa hapa kitakapokuwa tayari.